Reli Iliyokomea Kasese

Juzi mjukuu wetu wa darasa la tano alituuliza swali lililotunyamazisha. Alikuwa akisoma ramani. Akauona mstari mweusi unaotoka Mombasa, unapita Nairobi na Kampala, kisha unakoma Kasese, karibu kabisa na mpaka wetu. Akasema, "Babu, gari la moshi likifika hapa, mbona haliendelei kuja kwetu?" Ilitubidi kumwambia ukweli: halikufika kwetu hata siku moja, na sasa hata Kasese halifiki tena.

Ndivyo ilivyo. Katika miji yetu ya Butembo na Beni haikulazwa reli kamwe. Tumekaa katikati ya njia mbili zilizokoma kabla ya kutufikia. Upande wa kaskazini ilikuwako reli nyembamba ya Vicicongo, iliyoanzwa mwaka 1924, ikapita Aketi, Buta na Isiro, ikafika Mungbere mwaka 1937. Hiyo ilibeba pamba na kahawa za nchi ya Uele. Upande wa mashariki ilikuwako reli ya Uganda. Yenyewe ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kampala mwaka 1931, na mwaka 1956 ikafika Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori. Hiyo ya Kasese ndiyo wazee wetu walioijua zaidi, maana kutoka Butembo hata stesheni yake hapakuwa na safari ya kilomita 200.

Reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyochimbwa milimani juu ya Kasese na kupelekwa Jinja ikayeyushwe. Lakini njia njema huwafaa hata wale wasiotajwa siku ya kuifungua. Mazao ya Kivu yalipelekwa kwa malori hata Kasese, yakapakiwa katika mabehewa, yakashuka mpaka bahari. Na vitu vya ng'ambo vilipanda kwa njia ile ile. Hivyo reli isiyofika kwetu ilikuwa imeingia katika nyumba zetu.

Nasi twaikumbuka kwa sababu ya mwaka 1988. Baba yetu alikuwa na shamba la kahawa milimani, mbali kidogo na Butembo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akikusanya kahawa ya wakulima, aipeleke Kasese ipakiwe katika gari la moshi. Aliahidi bei njema kwa kila mtu atakayeleta kabla ya siku aliyoitaja. Mwaka ule mvua ilinyesha kila alasiri. Mama akaitia mkono kahawa iliyoanikwa, akasema, "Baba watoto, hii haijakauka. Tungoje jua." Baba akajibu, "Gari halingoji jua." Usiku tukaijaza katika magunia saba, nasi watoto tukayashikilia midomo huku yeye akiyashona.

Wawili kati yetu tulipewa ruhusa ya kufuatana naye. Tulipanda juu ya lori, tukapita Beni, tukateremka Kasindi, tukavuka mpaka. Milima ya Ruwenzori ilikuwa kushoto kwetu, na kulia nchi ya tambarare iliyoelekea ziwa Edward. Tulifika Kasese jioni. Hapo ndipo tulipoliona gari la moshi kwa mara ya kwanza. Tulihesabu mabehewa, tukakosea, tukaanza tena. Tulishangaa kuona kichwa kimoja tu cha gari kikivuta mzigo ambao kwetu ungalitaka malori mengi. Baadaye mwalimu alitueleza siri yake: gurudumu la chuma likienda juu ya chuma halikwami kama mpira juu ya udongo, kwa hiyo nguvu kidogo huvuta mzigo mkubwa.

Asubuhi magunia yakafunguliwa. Mpokeaji wa kahawa alitia mkono ndani ya gunia la kwanza, akanusa, akatikisa kichwa. Akafungua la pili na la tatu. Kahawa ilikuwa imeshika joto njiani na kuota ukungu. Magunia yetu yote saba yakawekwa kando. Gari likapiga mlio, likaondoka na mizigo ya wengine. Baba aliiuza kahawa yake sokoni kwa fedha isiyotosha hata kulipa lori.

Hasara ile haikumwangukia yeye peke yake. Dada yetu mkubwa alikuwa katika mwaka wa pili wa shule ya sekondari, naye alikuwa hodari kutupita sisi sote. Karo yake ilikuwa ndani ya magunia yale. Hakurudi shuleni. Alianza kuuza chumvi na sabuni sokoni, akatulipia sisi wadogo wake, wala hakutulaumu. Lakini twakumbuka maneno ya baba tuliporudi juu ya lori tupu: "Gari halikutukosea. Sisi ndio tuliolipelekea mzigo usiofaa."

Miaka michache baadaye reli yenyewe nayo ikanyamaza. Tukitafuta sababu, hatuoni pigo moja lililoiua. Jumuiya ya zamani ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika moja la reli likagawanyika kwa nchi tatu. Machimbo ya Kilembe yakafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mzigo mkubwa wa reli ukapotea. Malori yakazidi barabarani. Mwaka 1996 vita vikaanza katika milima ya Ruwenzori. Na wakati huo wote mataruma yalikuwa yakioza na madaraja yakichakaa. Kabla ya miaka ya 1990 kwisha, gari la Kasese likawa halipo tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na ukuta wa reli ni ghali mno. Leo nyasi na vichaka vimeifunika njia ile, na vijana wa kule hupita juu yake wasijue wanakanyaga nini.

Je, itafufuka? Twapenda kutumaini, lakini kwa macho wazi. Mwezi wa Juni mwaka 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe, wakazindua kazi ya barabara ya Kasindi hata Beni, kilomita 80, na ya Beni hata Butembo, kilomita 54. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 serikali ya Uganda iliandikiana mkataba na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ya kujenga reli mpya, pana kuliko ile ya kwanza, kutoka Malaba hata Kampala, kilomita 272. Na katika mipango ya Uganda umechorwa mstari mwingine wa magharibi, utakaofika Mpondwe, mlangoni petu. Lakini mstari uliochorwa si reli iliyolazwa. Tusiuze mbuzi leo kwa ajili ya gari ambalo bado ni karatasi.

Basi, tungoje tu? Hapana. Tuwaze kwanza tutapakia nini. Nchi yetu ina kahawa na chai, ina mbao, na pande za Beni ina kakao nyingi. Kakao yataka kuvundikwa siku kadhaa, kisha kuanikwa mpaka ikauke vema. Lakini tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika nchi ya Beni, wengine wakiwa mashambani mwao. Kwa hiyo wapo wanaovuna upesi na kuuza mbichi, kwa bei ndogo, ili wasilale na mali itakayowaletea mauti. Hatuwezi kuwahukumu. Baba yetu aliharakishwa na tamaa ya bei. Hawa wanaharakishwa na hofu. Ndiyo maana twasema kwamba jambo la kwanza la kutengeneza, kabla ya chuma na mataruma, ni amani. Mkulima asiyeweza kungoja jua siku sita shambani pake, reli itamfaa nini?

Lakini mahali penye utulivu, yako mambo yaliyo mikononi mwetu wenyewe. Tuanike mazao mpaka yakauke. Tupime kwa mizani ya kweli, wala tusitie mawe katika gunia. Tuzibue mifereji ya barabara zetu kabla mvua haijazikata, maana asiyetunza mfereji hatatunza daraja la reli. Tena tuwafundishe watoto ufundi wa chuma na hesabu, pamoja na lugha za jirani zetu, ili siku reli itakapokuja wasiwe wapagazi wake tu, bali mafundi na wakuu wa stesheni. Na watoto wa kike wasiwe wa kwanza kutolewa shuleni hasara inapoingia nyumbani. Hilo tulilifanya mara moja, na miaka haikuturudishia.

Dada yetu yu hai. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na bado ana duka dogo. Siku ile ya ramani alikuwa ameketi nasi. Mtoto alichukua penseli, akauendeleza mstari kutoka Kasese, akauvusha Kasindi, akaupitisha Beni, akaufikisha Butembo. Akamwonyesha bibi yake. Dada aliutazama kwa muda mrefu. Nasi tulidhani atasema neno juu ya mwaka 1988, lakini hakulisema. Alimwambia tu, "Umechora vizuri, mwanangu. Sasa nenda ukageuze kahawa uani, wingu linakuja."

Mtoto akatoka mbio. Nasi tukainuka tukamfuata, tukamsaidie.