Shati la Sufu

Sikuwa na nia ya kuandika habari za mavazi, maana kazi yangu ni kufundisha hesabu, wala sikupata kusifiwa na mtu kwa kuvaa vizuri. Lakini tangu Novemba ya mwaka jana nimejifunza habari za shati kwa njia ya uchungu. Wengi wenu mkaao kwenye miteremko hii ya Kilimanjaro mna watoto au wapwa wapandao mlimani kwa kazi ya upagazi, kwa hiyo naona si vema ninyamaze.

Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, alipata kazi hiyo alipotimiza miaka ishirini. Alinijia jioni moja, akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," akaketi barazani, akaniambia ya kuwa kesho kutwa anaondoka na kundi la wageni, naye hana nguo ya baridi ila koti la mvua alilopewa na rafiki. Akataka shauri langu. Nami, kama walimu tulivyo, sikukubali kuulizwa neno nisiwe na jibu. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamtolea shati langu mwenyewe la flaneli ya pamba, lenye miraba, nililolivaa asubuhi za Julai kwa muda wa miaka minne. Nikampimisha mkononi. Nikamwambia, "Angalia uzito wake. Hili litakutosha." Nilidhani uzito ndio joto.

Siku ya pili ya safari mvua iliwanyeshea tangu msituni hata kwenye nyika za juu. Lile koti likapasuka begani kwa kamba ya mzigo, maji yakaingia, na shati likalowa pia kwa jasho lake mwenyewe, kwa kuwa mpagazi aweza kuchukua hata kilo 20, tena hupanda upesi kuliko mgeni wake. Wakati alipokuwa akienda hakuona neno. Walipofika Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, wakasimama, ndipo akaanza kutetemeka. Baadaye kutetemeka kukakoma, akaanza kunena maneno yaliyoburutwa kama ya mlevi, akawaambia wenzake kwamba hasikii baridi. Kwa bahati alikuwapo mpagazi mmoja mzee aliyeijua dalili hiyo. Mtu akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hiyo si nafuu. Ni mwili umeshindwa. Yule mzee akamvua shati kwa nguvu, wakamkausha, wakamtia katika mfuko wa kulalia pamoja na mwenzake mmoja, na alipoweza kumeza vizuri wakamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi. Alfajiri wakamteremsha.

Dada yangu alikuja kwangu baada ya siku nne. Shati lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa. Akaliweka juu ya meza, akasema, "Asante, kaka. Shati lako hili." Hakuongeza neno, wala hakunywa chai niliyomwandalia, na kwa mwezi mzima hakukanyaga nyumbani kwangu.

Basi, nikaanza kuuliza na kusoma. Nilitaka kujua jambo moja tu: mbona shati zito vile halikumfaa? Jibu si gumu, nami naona haya kwamba sikulijua. Pamba hupenda maji. Ikilowa, nyuzi zake hulala na kushikamana na ngozi, hewa iliyokuwa katikati yake hutoka, na maji yale huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa. Kumbe kilichokuwa kikinipasha joto asubuhi za Julai si pamba yenyewe, bali hewa iliyotulia ndani yake, maana mimi nilikuwa nikienda shuleni mkavu. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni namna nyingine. Unyuzi wake haukunyoka. Una mawimbi madogo madogo, na mawimbi hayo hayaruhusu nyuzi zilalane, hata nguo ikiwa na unyevu. Tena mvuke wa jasho huingia ndani ya unyuzi wenyewe, hata ufikie kama theluthi ya uzito wa sufu, na mvaaji asihisi kwamba nguo imelowa. Ajabu yake nyingine ni kwamba sufu inapopokea mvuke huo hutoa joto kidogo.

Mwalimu wa hesabu haamini mpaka apime. Nilijaza maji ya moto katika chupa mbili zilizo sawa, moja nikaizungushia kipande cha flaneli, nyingine kipande cha blanketi kuukuu la sufu, vyote nimevilowesha na kuvikamua, nikaziweka nje penye upepo. Baada ya nusu saa chupa ya flaneli ilikuwa baridi kuliko mwenzake. Lakini niseme kweli, tofauti haikuwa kubwa kama nilivyotazamia. Sufu iliyojaa maji tele huwa nzito, hukawia kukauka, nayo hupunguza joto lake. Mtu asiwadanganye kwamba shati la sufu ni koti la mvua. Koti zima lisilopitisha maji halina budi kuwa juu yake.

Nikaenda kutafuta. Huku kwetu shati la sufu halipatikani dukani. Hupatikana katika marobota ya mitumba, na katika shati mia za miraba labda moja au mbili ni za sufu. Katika gulio moja muuzaji aliniinulia shati zito, laini, la rangi nyekundu na nyeusi, akaniapia, "Mwalimu, hii ni sufu tupu, ya Ulaya." Nikalipa shilingi 18,000, nikarudi nyumbani nikiimba. Usiku nikachomoa uzi, nikauchoma, nao ukayeyuka kama mshumaa, ukaacha tone jeusi gumu. Lilikuwa akriliki, uzi wa kiwandani uigao sufu. Sikurudi kugombana naye. Huenda yeye mwenyewe hakujua.

Tangu hapo nilikwenda sokoni na kibiriti. Sufu huwaka kwa shida, huzima yenyewe ukiondoa moto, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake meusi husagika kwa vidole. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi. Akriliki na poliesta huyeyuka. Lakini jihadharini na kosa nililolifanya mara ya pili: usichome uzi wa mshono, maana shati la sufu safi aghalabu hushonwa kwa uzi wa poliesta. Chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, ndani ya upindo wa chini, kwa idhini ya mwenye mali. Wengine hukataa, huyo mwachie shati lake.

Kama kibandiko cha shingoni hakijakatwa, kazi huwa nyepesi. Kwa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1940, nguo ya sufu iuzwayo huko hupaswa kuonyesha sehemu ya sufu iliyomo. Iko pia alama ya Woolmark iliyoanza kutumika mwaka 1964, yenye mfano wa kifundo cha uzi uliosokotwa. Na yako majina ya viwanda vya zamani ambayo wauza mitumba wenye macho huyajua: Woolrich wa Pennsylvania, kilichoanza mwaka 1830, na Pendleton wa Oregon, kilichoanza mwaka 1909 kwa kufuma mablanketi. Mashati yao yalivaliwa na wakata miti na wawindaji wa nchi za theluji, ndiyo maana hayaishi upesi.

Mwezi wa Mei, katika soko la Memorial mjini Moshi, mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya lundo la makoti alinitupia shati la kijani kibichi lenye miraba myeusi. Kibandiko kilisema sufu asilimia 85, nailoni asilimia 15. Zamani ningalilikataa kwa sababu ya ile nailoni, lakini nilikuwa nimekwisha jifunza kwamba nailoni kidogo huongeza nguvu mahali pa kusuguliwa. Nikauchoma uzi: harufu ya nywele, na punje ndogo ngumu mwishoni. Kibandiko hakikusema uongo.

Nikaliinua kuelekea jua. Hili ni jambo la lazima, kwa kuwa nondo huacha matundu madogo ambayo jicho haliyaoni nguo ikiwa mezani. (Tena alaye si nondo arukaye, bali ni funza wake, naye hupenda zaidi sufu yenye jasho na mafuta.) Nikaona tundu moja karibu na mfuko, si neno. Nikatazama mabega: kitambaa cha mara mbili, mshono uliopitishwa mara mbili. Kwa mpagazi hapo ndipo penye maisha ya shati, maana kamba za mzigo hukata begani kabla ya pengine pote. Nikatazama viwiko: kimoja kimeanza kuwa chembamba. Nikauvuta mkono wa shati kwa urefu na kwa mapana, ukarudi mahali pake. Nikapima mgongo, kwa sababu shati fupi huchomoka mtu ainamapo, na upepo wa juu huingia kiunoni. Kimo kilichoandikwa sikukisadiki hata kidogo, maana mtu akikwisha fua sufu kwa maji ya moto, hugandamana, ikawa nene na ndogo, nguo ya baba ikawa ya mtoto. Nililipima juu ya kifua changu, nikaacha nafasi ya fulana ndani yake.

Mama yule alitaka shilingi 20,000. Tukashindana, akashuka mpaka 15,000, akasema, "Baba, unalikagua kama unaposa." Nikamwambia ni la mpwa wangu apandaye mlimani. Akalichukua tena, nikadhani amebadili nia. Kumbe alilifunga katika gazeti, akanipa, akapokea shilingi 12,000.

Hapo mtaniuliza, kwa nini nisimnunulie vazi la poliesta yenye manyoya, lile vijana walipendalo? Nalo ni zuri. Ni jepesi, hukauka upesi kuliko sufu, na bei yake si kubwa. Ila likirukiwa na cheche jikoni hutoboka, upepo hupita ndani yake, na baada ya siku tatu za jasho harufu yake haivumiliki. Mpwa wangu analo moja sasa, hulivaa kambini juu ya shati. Nguo mbili tatu za kadiri, zivaliwazo moja juu ya nyingine, hushinda nguo moja nene, kwa kuwa mtu aweza kuvua moja apandapo na kuivaa tena asimamapo. Hata George Mallory, Mwingereza aliyefia katika mlima Everest mwaka 1924, maiti yake ilipoonekana mwaka 1999 alikutwa amevaa nguo nyembamba za hariri, pamba na sufu, na juu yake koti la gabadini.

Na hapa niungame jambo jingine. Iko Moshi taasisi iitwayo Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambayo huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Mimi, mwalimu, msomaji wa magazeti, sikuijua mpaka mwaka huu. Laiti ningalimtuma huko ule mwezi wa Novemba badala ya kufungua sanduku langu.

Nililipeleka shati kwa dada yangu mimi mwenyewe. Nilimweleza namna ya kulifua: maji ya baridi au ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, lisisuguliwe, lisikamuliwe kwa kusokotwa, likandamizwe ndani ya taulo, lianikwe limelazwa kivulini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Hili umelipima kwa nini? Kwa mkono tena?" Nikamwambia, "Kwa moto." Akataka kucheka, akajizuia.

Kijana alipanda mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali. Siku sita nilihesabu saa. Aliporudi alinieleza kwamba shati lilimwasha shingoni siku ya kwanza, kwa kuwa sufu ile si ya merino laini, akafunga kitambaa. Siku ya pili akasahau. Walinyeshewa kidogo chini ya Horombo. Koti lilishika maji, shati likawa na unyevu kwa ndani, akalala nalo, asubuhi lilikuwa karibu kukauka.

Jumamosi iliyofuata dada yangu alibisha hodi. Alikuwa na lile shati mkononi, na kile kiwiko chembamba kimeachia. Akaniuliza kama uzi wa pamba utafaa kukitililia, au ni lazima uwe wa sufu. Nikatafuta sweta langu kuukuu lililoliwa na nondo, tukafumua mkono wake mmoja, nikazungushia uzi kwenye kibao. Akavuta kiti mpaka penye mwanga, akatunga sindano, akaniambia nimletee chai.