Msimu wa Mkopo Kariakoo

Kati ya Juni na Septemba, stesheneri za Kariakoo, Dar es Salaam, hubandika matangazo mapya. Kwenye Mtaa wa Aggrey, pembeni ya duka la vitenge, nilisoma moja lililoandikwa kwa kalamu nene: maombi ya HESLB, uhakiki wa vyeti RITA, kuskani, pasipoti saizi. Ndani hapageuziki. Vijana waliomaliza kidato cha sita wamebanana kwenye benchi, wamepakata bahasha za kaki, kila mmoja na mama yake au shangazi. Wengine wanarudi kutoka kwa wakili ghorofani, wanaupuliza mhuri ambao wino wake haujakauka.

Kwetu Mombasa, mtoto huomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, chumbani kwake, kwa simu. Akikwama ndipo hupanda matatu hadi Huduma Centre ya Digo Road. Hapa ni shughuli ya hadharani. Majibu ya maswali ya Bodi ya Mikopo, yaani HESLB, husikika hadi barabarani, na jirani wa benchi hukumbusha karatasi iliyosahaulika. Niliipenda hali hiyo, kwa sababu najua vijana wa kwetu waliokata tamaa kimyakimya mbele ya kioo cha simu.

Hatua chache tu upo Mtaa wa Lumumba. Huko, katika jengo la chama cha TANU, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Zama zile msomi aligharimiwa na serikali. Uchangiaji wa gharama ulikuja baadaye, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005.

Niliporudi stesheneri kutoka Lumumba, zamu ilikuwa ya binti mmoja aliyekuja na mama yake, muuza samaki wa kukaanga. Kijana wa kompyuta alimwamkia mama kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akaomba namba ya mtihani wa kidato cha nne, maana maombi yote huanzia hapo. Mama akalipa ada ya maombi, shilingi 30,000, kwa simu yake. Samaki wangapi hao!

"Baba yupo hai?"

"Yupo, ila hatujui alipo. Alikwenda machimboni."

Kijana akaacha kuchapa. "Hilo halina cheti, mdogo wangu."

Hapo ndipo penye uzito. Yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu huleta fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu, na kaya maskini iliyo kwenye mpango wa TASAF ina namba yake. Baba aliyeondoka bila kuaga hana ofisi inayomgongea mhuri, na binti yake huonekana kwenye fomu kama mtoto wa wazazi wawili. Hilo ni jambo la kurekebisha, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye huijua nyumba ile, angeweza kuaminiwa zaidi ya kutia sahihi tu.

Sisemi Kenya tumepatia. Mfumo wetu wa kugharamia vyuo vikuu, ulioanza 2023, ulikuja kuzigawa familia katika makundi 5, na kundi la chini kabisa lilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Wazazi wengi walilalamika kuwa wamewekwa kusikowafaa, na shauri likafika mahakamani. Hata hivyo, ule ufadhili haurudishwi. Tanzania, msaada mkubwa ni mkopo. Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, ni wa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita, na binti huyu alisoma historia.

Fomu ilitoka kwenye printa ikiwa ya moto. Kijana akawaeleza kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe, na kwamba ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021.

"Na asipopata kazi?" mama akauliza.

"Deni linabaki, mama. Mimi mwenyewe nimesomea ualimu, langu lipo."

Mama akatoa kitambulisho chake cha NIDA, maana yeye ndiye mdhamini. "Lete kalamu, baba. Mwanangu akisoma atalipa."