Chungu cha Ikombe kilivyonitoa jasho

Shingo bado inauma. Usicheke kwanza, nitakueleza.

Ukipanda basi Mbeya kwenda Kyela unapita Tukuyu: baridi, ukungu, migomba na chai kila upande. Halafu gari linaanza kuteremka. Unavua sweta, baadaye unatamani uvue na shati. Ziwa Nyasa liko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Kyela joto ni la Dar kabisa, isipokuwa huku wana mpunga na kakao. Pale Kikusya unakata kushoto, unapita Ipinda, lami inakufikisha Matema.

Matema ni bomba, si mchezo. Mchanga, maji maangavu, na Milima ya Livingstone imesimama pembeni kama ukuta. Kichekesho ni kwamba Livingstone mwenyewe hakuwahi kuufika upande huu. Yeye aliliona ziwa kule kusini mwaka 1859, milima ikaja kupewa jina lake tu.

Sasa Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema. Akina mama wa Kikisi wanakuja na mitumbwi imejaa vyungu, nyasi zimechomekwa katikati visigongane. Mimi na ujanja wangu wa Kariakoo nikamfuata mmoja.

"Shikamoo mama. Hiki bei gani?"

"Marahaba. Elfu tano, mwanangu."

"Chukua elfu mbili."

Mama wala hakukasirika. Akaniuliza, "Umekuja na gari?" Nikasema ndiyo. "Basi ndiyo maana. Twende kwangu Ikombe, halafu bei utapanga mwenyewe."

Wenzake wakaangua kicheko. Mtoto wa mjini nikaona noma kukataa.

Siku hiyo mwisho wa gari ulikuwa Lyulilo. Mbele ya hapo ni mtumbwi au miguu. Mtumbwi ulikuwa umejaa, tukashika njia ya mguu, milima kushoto, ziwa kulia. Mawe, mizizi, panda, shuka. Mama ana mzigo kichwani na anapiga stori. Mimi mikono mitupu, nahema kama mbwa wa mchana.

Njiani tukapishana na Wazungu wawili wenye fimbo na viatu vya milimani, wanatabasamu tu. Nikamwambia mama kuwa kwao kutembea ni starehe. Uingereza kuna njia inaitwa Pennine Way, ilifunguliwa mwaka 1965, urefu wake kama kilometa 430. Edale, kijiji kidogo inakoanzia, wanawauzia watembeaji chai na vitanda.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hao wakichoka wanarudi kwao. Sisi ziwa likichafuka mtumbwi hauondoki, na mgonjwa hasubiri."

Akanionyesha kitoto kilichokuwa kinakimbia mbele yetu. Mjukuu wake. Kuna usiku kilishikwa na homa na mawimbi yalikuwa makubwa. Alikifunga mgongoni, akaipita njia hii gizani mpaka hospitali ya Matema. Njia hii hii iliyonishinda mimi saa nane mchana! Nikanyamaza.

Ikombe tukafika baada ya kama saa mbili kwa mwendo wangu. Nyumba zimebanwa kati ya mlima na maji, hakuna honi wala vumbi. Kila uani kuna vyungu: vingine vibichi, vingine vinasubiri moto. Hakuna mashine. Udongo unapondwa, unafinyangwa kwa mkono, unalainishwa, unapakwa rangi nyekundu, unakaushwa, ndipo unachomwa. Kimoja kikipasuka motoni, kazi ya siku zote hizo imekwenda na maji. Vikipona, bado kuna ziwa.

Nikalala pale, kijana wa yule mama alinipokea vizuri sana. Kesho yake baada ya ibada nikamuuliza mama bei ya chungu.

"Si nilikwambia? Elfu tano."

Nikatoa elfu tano. Nilitaka kuongeza akakataa, akasema yeye si ombaomba, ni mfanyabiashara. Halafu akanitwisha chungu changu kichwani, kijiji kizima kinatazama.

Ndiyo hiyo shingo ninayokwambia. Lakini chungu kilifika Lyulilo kizima, kikafika na Mbeya kizima, na maharage yake usiniambie.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, nenda Jumamosi uwahi soko. Vaa raba, beba maji, fika Ikombe kwa miguu yako. Na bei, mshikaji wangu, usiichonge mpaka umerudi.