Nilisema Nimepona Kabla Sijapona

 

Wengine wenu mmewahi kuniuliza kwa utani kwa nini pasta wenu huvaa suruali nyeusi kila Jumapili, na kwa nini hukaa kile kiti cha karibu na mlango wa pembeni wakati kiti kikubwa kiko katikati. Leo nawajibu. Nimeuombea ujumbe huu wiki tatu, na mama mchungaji akaniambia, "Andika tu. Kuna mtu anaungojea."

Nina shida ya kibofu. Kuna saa mkojo hunibana ghafla na sifiki chooni. Kuna saa nasimama chooni dakika kumi na hautoki. Naandika neno hili bila kulipamba, kwa sababu kulificha ndiko kulikoniingiza katika dhambi ambayo nataka kuwaeleza.

Mambo haya yalianza na kupe.

Mimi nimelelewa na ng'ombe. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuwapeleka kwenye dipu, na nimewang'oa kupe walioshiba damu hadi wakawa kama maharagwe. Nilijua kupe huua ng'ombe. Sikujua kwamba kupe mmoja anaweza kumlaza mtu mzima.

Mwaka 2016 nilienda Massachusetts, Marekani, kusoma chuo cha Biblia. Karo ilikuwa mlima, kwa hiyo majira ya joto ya 2017 nilikata nyasi kwenye nyumba za watu, nyumba ambazo nyuma yake ni msitu na kulungu hupita hadi uani. Kupe wa huko akiwa bado mchanga ni mdogo kama punje ya wimbi. Akikuuma husikii. Hujificha kwapani, kinenani au nyuma ya goti, akinywa damu polepole siku mbili tatu. Ugonjwa anaoleta unaitwa Lyme, jina la mji mdogo wa Connecticut ambako watoto kadhaa walivimba magoti miaka ya 1970 na wazazi wao wakakataa kunyamaza. Mwaka 1982 mwanasayansi Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza bakteria anayeusababisha.

Watu wengi hutokwa na alama ya mviringo kwenye ngozi, inayozidi kupanuka. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu alama hiyo ni rahisi kupita bila kuonekana. Mimi sikuiona. Nilipata homa siku chache, nikasema ni mafua, nikaendelea kukata nyasi.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka huo. Miguu ikaanza kufa ganzi. Uchovu ukanishika, ule wa kuamka asubuhi ukiwa umechoka kuliko ulivyolala. Kisha kibofu. Nilitibiwa malaria. Nikatibiwa taifodi. Nikatibiwa brusela. Ndugu mmoja aliniambia kuna mtu amenifunga. Mpaka daktari mmoja Nairobi akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Pasta, miaka miwili iliyopita uliishi wapi?" Kupe wa ugonjwa huu ni wa Marekani, Ulaya na sehemu za Asia, kwa hiyo hapa kwetu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuufikiria. Vipimo vya damu na maji ya uti wa mgongo vikamaliza ubishi.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Kibofu ni mfuko wa misuli. Ubongo na uti wa mgongo huzungumza nacho kupitia neva: jaa, ngoja, sasa fungua. Kwangu vijidudu vilikuwa vimefika kwenye neva, na ule ujumbe ukawa haufiki au unafika umechelewa. Alisema si wagonjwa wengi wa Lyme hufika hapo, lakini wapo. Nilipata dawa ya dripu siku 28. Vijidudu vikaisha. Homa ikaisha, ganzi ikapungua. Lakini akaniambia wazi kwamba neva iliyoumia hupona polepole, na nyingine haiponi kabisa. Nilimwuliza kama dripu zaidi zingesaidia. Alisema hapana, utafiti umefanywa na dawa za miezi na miezi hazikusaidia, tena zimewaumiza wengine. Akanifundisha kutumia mrija mwembamba wa kutoa mkojo, mara nne kwa siku. Nikaubeba kwenye mfuko pamoja na Biblia yangu.

Sasa sikilizeni dhambi yangu.

Ilikuwa kesha la kufunga mwaka 2019. Mhubiri mgeni aliomba kwa nguvu, kisha akaita wale walioguswa wapande madhabahuni. Watu wakanitazama. Washirika walijua pasta ni mgonjwa, ila hawakujua ni nini. Wakati huo nilikuwa sijabanwa kwa saa tatu. Moyoni nilijua sababu: tangu saa sita mchana sikuwa nimeonja hata tone la maji. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu ya kila ibada, kujinyima maji ili nisiaibike. Lakini nikapanda. Nikachukua maikrofoni nikasema, "Nimepona!" Kanisa likalipuka. Ngoma, vigelegele, watu wakaruka.

Saa kumi alfajiri, ndani ya gari, nilikuwa nimelowa. Mama mchungaji alizifua zile nguo kabla watoto hawajaamka. Hakuniuliza kitu. Laiti angeniuliza.

Nilijiambia nimetamka kwa imani, Mungu atatimiza. Nikaendelea hivyo mwaka mzima. Na katika mwaka huo dada mmoja wa kwaya akatoweka kanisani. (Amenipa ruhusa niandike haya bila jina.) Tulipiga simu, hakushika. Siku moja mimi na mama mchungaji tukaenda kwake bila taarifa. Alituketisha, yeye akabaki amesimama mlangoni. Ndipo akasema. Tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, baada ya kukaa na uchungu siku mbili, mkojo ulikuwa unamtoka bila kukoma. Alikuwa amekata shuka za zamani vipande vipande. Mume alikuwa amehamia chumba kingine.

Mama mchungaji akamwuliza, "Mbona hukutuambia?"

Akanitazama mimi. "Pasta, wewe uliombewa usiku mmoja ukapona. Mimi nimeombewa mara ngapi? Nikasema basi, dhambi ni yangu. Nisilete harufu yangu katika nyumba ya Mungu."

Wapendwa, nimehubiri mazishi mengi, lakini sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo. Ushuhuda wangu wa uongo ulikuwa umefunga mlango wa kanisa usoni pa mwanamke mgonjwa.

Nilifungua mfuko wangu. Nikatoa ule mrija nikauweka mezani. Nikamwambia, "Sikupona. Nilidanganya. Mimi pia nalowa." Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi. Kuketi tu. Alisema ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo kuketi mbele ya wageni.

Mama mchungaji alimsindikiza hospitali wiki iyo hiyo. Ilikuwa fistula, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, jeraha la uchungu uliokawia. Alipasuliwa, tundu likazibwa. Leo anaimba sauti ya kwanza. Angejificha miaka ishirini, na tiba ilikuwepo.

Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikaliambia kanisa ukweli wote. Watu wawili walihama. Lakini baada ya ibada wazee watatu walinifuata nyuma ya kanisa, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Wawili ilikuwa tezi dume. Mmoja ilikuwa sukari.

Someni Marko 5, yule mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Tunapenda kuhubiri vazi la Yesu. Mimi sasa nakaa kwenye mstari wa 33, pale anapokuja akitetemeka na kumweleza Bwana kweli yote. Kumbukeni Walawi 15: mwanamke wa hali ile hakupaswa kugusana na umati. Alikuja kwa kujificha, na Yesu hakumwacha arudi kwa kujificha. Na hakumwita mchafu, alimwita binti. Yule mama alisema kweli akiwa mzima. Mimi nilisema uongo nikiwa mgonjwa.

Mtu asije akasema pasta ameacha kuamini uponyaji. Naamini. Naombea wagonjwa kila Jumatano, na Jumatano hii nitaomba. Nimeona Mungu akiponya. Lakini Mungu hahitaji nimtetee kwa uongo. Nikipona kibofu hiki, mtakuwa wa kwanza kujua. Nisipopona, bado yeye ni Mungu, na mimi bado nitabeba mfuko wangu.

Mambo machache kabla sijafunga.

Wewe ambaye mkojo unakutoka, au hautoki, au una damu, au unaamka mara tano usiku: nenda hospitali. Inaweza kuwa uzazi, tezi dume, sukari, kichocho au maambukizi ya kawaida. Mkojo ukifunga kabisa, au miguu ikilegea pamoja na kibofu, usingoje kesho. Mweleze daktari mahali ulipoishi na kazi uliyofanya. Na usijinyime maji kama nilivyofanya.

Mlio na watoto Lowell, Worcester na New Jersey: waambieni wakitoka kwenye nyasi ndefu wajikague mwili wote jioni hiyo hiyo. Kupe atolewe kwa kibano, avutwe moja kwa moja kutoka kwenye ngozi, asichomwe kwa moto wala kupakwa mafuta. Akitolewa mapema, mara nyingi hajapitisha ugonjwa. Na homa ikifuata, wamwone daktari.

Wachungaji wenzangu: kagueni choo cha kanisa. Chetu kilikuwa kikifungwa wakati wa mahubiri ili watoto wasizurure. Mimi mwenyewe ndiye niliyetoa amri hiyo! Sasa kiko wazi, kina maji na sabuni, na safu mbili za karibu na mlango haziulizwi swali. Mtu akitoka mara tatu katikati ya neno, asitazamwe.

Tuombe. Baba, wewe uliyeumba mwili huu unajua kila neva na kila kiungo. Mkumbuke anayesoma haya akiwa amejifungia chumbani kwa sababu ya aibu. Mpe mtu mmoja wa kumwambia kweli. Bariki mikono ya madaktari. Utuponye, na mpaka siku hiyo utufundishe kukaa pamoja. Katika jina la Yesu, amina.

Kama ni wewe, huhitaji kuandika lolote hapa mbele ya watu. Njoo Jumapili. Kiti cha karibu na mlango kina nafasi, na mimi nitakuwa hapo kando yako.

Mbarikiwe.