Anzia Shingoni

Tulimzika shangazi yangu Uchindile mwezi wa saba, asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba waliokuwa nyuma ya msafara walifuata sauti za waimbaji tu, jeneza hawakuliona. Niliposimama kando ya kaburi nilijikuta nahesabu masweta. Pamoja na baridi ile na umati ule, masweta ya kufumwa kwa mkono yalikuwa manne tu. Matatu nilikuwa nimeyafuma mimi. La nne alilifuma marehemu mwenyewe, na aliyelivaa ni mjukuu ambaye hakuwa amezaliwa siku lilipofumwa kwa mara ya kwanza. Waliobaki walivaa majaketi ya mtumba au walijitanda vitenge. Jioni ile niliomba daftari. Vidole vyangu vinakufa ganzi kila alfajiri, sindano nimekwisha kuziweka chini, na alichonifundisha mama yule hakijaandikwa popote.

Nilizaliwa mwaka 1961. Uchindile ni kata ya Mkoa wa Morogoro, lakini anayeijua Morogoro kwa joto la Ifakara na mbuga za mpunga za Kilombero haamini nikimwambia kwamba sisi tunaota moto hadi saa nne asubuhi. Tuko juu, upande wa Mufindi, na salamu yetu ni "kamwene" kama ya ndugu zetu wa Iringa na Njombe. Nikiwa msichana mdogo reli ya TAZARA ilipita kwetu. Kipande cha kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho Wachina na Watanzania kuliko vyote, kwa mahandaki yake na madaraja yake. Reli ilikabidhiwa mwaka 1976, mwaka niliomaliza darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea. Baba akanipeleka kwa dada yake nikamsaidie kazi, na utoto wangu ukaishia hapo.

Shangazi alijifunza kufuma Ifakara, miezi aliyokaa hospitali ya misheni akimuuguza mumewe. Watawa walimfundisha soksi kwa sindano tano. Sweta hawakumfundisha. Alilifikiria mwenyewe, kwamba kama soksi inaweza kuzunguka mguu bila mshono, kwa nini sweta lisizunguke kifua? Sindano za dukani hazikuwapo, akachonga za mwanzi, nyembamba kuliko kalamu ya risasi, akazikwangua kwa kipande cha chupa na kuzipaka mafuta hadi zikateleza. Kwa uzi mwembamba alitumia spoku za baiskeli. Sindano zake tano za mwanzi ninazo mimi.

Kwake kipupwe kilikuwa na utaratibu wake, wala hakikuwa msimu wa kukaa bure. Mahindi yakishaingia darini juu ya moshi, maboga yakishapangwa pembeni mwa jiko, asubuhi tulishuka bondeni kwenye vinyungu, bustani zetu za kiangazi. Mvua zimekatika, lakini udongo wa bondeni bado umeshika maji. Tulifukia nyasi ndani ya matuta, tukapanda mahindi, maharage na njegere, ili mwezi wa kumi na moja ghala zikiwa tupu sisi tule mahindi mabichi. Siku hizi sheria ya mazingira ya 2004 inataka tukae mita 60 kutoka kwenye maji, na bustani yangu imepanda ubavuni, inataka ndoo kila jioni. Enzi zile mchana tulirudi nyumbani tukainjika kande. Kande za mahindi yaliyokobolewa na maharage mapya hazipendi kuharakishwa. Unasukuma kuni kidogo, unaongeza maji ya moto, unaacha. Shangazi alipima kazi kwa chungu hicho. Kuanzia kuinjika hadi kuipua nilitakiwa niwe nimemaliza shingo na mabega ya sweta la mtoto. Chungu kikiiva kabla yangu, nilikula baadaye.

Sasa niseme jambo ambalo nimebishania maisha yangu yote. Sweta la mtoto lianzie shingoni.

Shika uzi unaokupa vitanzi viwili kwa sentimita moja. Kwa mtoto wa darasa la nne anzisha vitanzi 72, uvigawe kwenye sindano nne, ya tano ndiyo ya kufumia. Nyuma vitanzi 24, mbele 24, kila mkono 8, na vinane vilivyobaki ni vya kona nne, viwili viwili. Kila mzunguko wa pili ongeza kitanzi kimoja kila upande wa kona. Kona ni nne, kwa hiyo unaongeza vinane. Baada ya maongezo 20 umefika kwapani. Mikono unaipumzisha kwenye kamba, unaongeza vitanzi sita kila kwapa, unaunganisha mbele na nyuma, na kiwiliwili kinashuka chenyewe hadi kiunoni. Ukimaliza unarudi kwenye mikono.

Sababu ni hii. Kazi ya kufuma hufumuka kwa urahisi kutoka pale ulipofungia. Ulipoanzia haifumuki ila kwa kuhangaika nayo. Sweta lililoanzia chini limefungiwa mabegani, na mtoto harefuki mabega. Lililoanzia shingoni limefungiwa kiunoni na viganjani, palepale mtoto anapokua. Mwezi wa sita mama anafumua pindo, anaokota vitanzi, anaongeza vidole vinne, anafunga. Sweta moja linamchukua mtoto miaka mitatu, na akilikataa linafumuliwa lote linakuwa la mdogo wake.

Kufumua ndiko kulikotuokoa. Baada ya vita vya Kagera bidhaa zilipotea madukani, na uzi ulipotea pamoja na sabuni na sukari. Tulifumua masweta makuukuu ya wazee na soksi za watu waliowahi kufanya kazi relini. Mitumba ilipoanza kumiminika katikati ya miaka ya 1980, wafumaji wengi waliilaani. Shangazi alikwenda mnadani akarudi na masweta mabovu aliyonunua kwa bei ya kutupwa. Alinifundisha kuligeuza sweta ndani nje kabla ya kutoa hela. Mshono wake ukiwa umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, liache, litakupa vipande vifupi vifupi vya uzi. Kingo zikiwa na vitanzi vizima, lichukue, kata uzi wa mshono, kisha vuta kutoka juu. Uzi uliofumuliwa hutoka na mikunjo kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Anayeufumia hivyohivyo atapata sweta lenye matuta. Uzungushe kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, ufunge sehemu nne, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uutundike kivulini na jiwe dogo chini yake. Kesho yake umenyooka.

Mwaka 1991 alikuja mwalimu wa ufumaji, ametumwa na mradi ambao sitautaja. Tulikuwa kikundi cha akina mama kumi na wawili. Alikuwa mwanamke msafi, mchapakazi, na alikuja na kitabu. Alisema sweta ni vipande vinne, kila kimoja kianzie chini, halafu vishonwe. Hoja zake zilikuwa na maana. Kazi ya vipande inaweza kugawanywa kwa watu wanne, inapimwa juu ya karatasi, na inafanana na ya dukani. Shangazi aliomba kueleza njia yake, akaambiwa mbele yetu sote kwamba hiyo ni ya kijijini. Alikuwa na umri wa kumzaa mwalimu. Alikunja kazi yake, akaiweka mapajani, akasikiliza hadi mwisho.

Wakati huo shule moja ilikuwa imetuagiza masweta. Tulipeleka 18, yote ya Shangazi na mimi. Yakarudishwa kwa sababu hayakuwa na mishono ya ubavuni. Mwalimu yule ndiye aliyeulizwa kuhusu ubora, na ndiye aliyejibu. Tuliyabeba hadi stesheni kuyauza. Treni inapotoka bondeni Mlimba abiria wamevaa mashati mepesi, na ikifika kwetu usiku watoto wanatetemeka madirishani. Hadi mwezi wa nane masweta yote yalikuwa yamekwisha. Mengine tulishuka nayo Mlimba kwa treni ya kipisi, ile ya safari fupi, tukabadilishana na akina mama wa huko, sweta moja kwa debe la mpunga. Kikundi chenyewe hakikumaliza miaka miwili.

Namkubalia yule mwalimu jambo moja, nami nililikubali nikiwa nimechelewa. Mshono wa begani hulibeba vizuri sweta zito. Letu likifumwa kwa uzi mnene hulegea shingoni likilowa. Shangazi hakutaka kulisikia hilo. Nililitafutia dawa mwenyewe, nayo ni mstari mmoja wa kroshia uliobanwa ndani ya shingo, upande wa nyuma. Nilipomwonyesha aliugusa kwa kidole, akanirudishia sweta bila neno. Lakini la kwake lililofuata lilikuwa na mstari huo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kinorwe ilianza kupanda misonobari na mikaratusi kwetu, na vibarua wa vitalu wakawa wateja wangu wazuri, maana kazi ya kitalu huanza na umande. Halafu majaketi ya mtumba yakawa rahisi kuliko uzi. Shule nazo zikageukia masweta ya mashine kutoka mijini. Sina ugomvi na mashine. Lakini chukua sweta la namna hiyo lililokatwa na kushonwa, mshono ukiachia ubavuni uzi unakimbia hadi kwapani, na mama hana la kufanya zaidi ya kuligeuza tambara la kudekia. Kazi ya nyumbani ambayo mwenye nyumba hawezi kuitengeneza mwenyewe, kwangu mimi haijakamilika.

Ninyi wanangu mnaojifunza kroshia kwenye simu, nawaona na nawapenda. Vitambaa vyenu vya makochi ni vizuri, na mnavijua kwa haraka kuliko tulivyojua sisi. Lakini kochi halisikii baridi. Nendeni mnadani mkageuze masweta ndani nje. Jifunzeni kuhesabu kabla ya kuanza. Fumeni kipande cha sentimita kumi, mkishahesabu vitanzi ndipo mshike kazi yenyewe, maana mtoto ndiye atakayelipia uvivu wenu kwa kubanwa kwapani. Na mkiambiwa na mtu mwenye kitabu kwamba jambo la mama yenu ni la kijijini, mwombeni awaonyeshe sweta lake baada ya miaka mitatu ya kuvaliwa.

Lile sweta la nne nililoliona makaburini lina rangi ya kijivu. Shangazi alilianza mwaka 1979 kwa uzi wa sweta la marehemu mumewe. Limeongezwa pindo mara nyingi, limefumuliwa lote mara mbili, na kila mara lilianzia shingoni. Mjukuu amerefuka, mikono imemfika nusu. Uzi wa kuongeza ninao, ila vidole vyangu havitaki tena. Yeyote anayetaka kujifunza aje Uchindile mwezi wa sita, kande zikiwa jikoni. Sindano tano zipo, na kazi ya kuanzia ipo.