Wageni wa Zege

Jina la Likuni nililijua kwa uji kabla sijaijua njia yake. Likuni Phala, unga wa mahindi na soya, umelea watoto wengi hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na jina hilo limetoka kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoko nje kidogo ya Lilongwe. Huko ndiko walikolala wageni wetu waliokuja kutusaidia kujenga kanisa. Asubuhi basi dogo liliwaleta hadi kambini, huku Dowa, na jioni likawarudisha.

Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Iliandaliwa kwa watu kama 10,000. Leo tumepita 50,000, wengi Wakongomani, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Ukijenga kanisa, haichukui muda watu wanaanza kusali wakiwa wamesimama madirishani.

Kundi la kwanza nililofanya nalo kazi, mimi nikiwa mwashi kijana kutoka Fizi, Kongo, lilitaka kujenga kwa mikono yake. Walikuwa vijana wema, nauli wamejilipia, fulana za rangi moja. Tukawapa mwiko. Sisi mafundi tukabeba karai. Tofali la huku hufyatuliwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni, kwa hiyo halifanani na mwenzake: hili limevimba, lile limepinda. Anayelipanga huligeuza kwanza mkononi atafute uso wake, ndipo alilaze juu ya udongo. Wenzetu walilaza lilivyokuja. Kufika saa kumi, ukuta wa magharibi ulikuwa umeota kitambi.

Mzee wetu wa kazi, aliyejifunza uashi Uvira, akateremsha timazi, akaitazama ikining'inia, akairudisha mfukoni.

"Papa, tuwaambie?"

"Waache kwanza wapige picha."

Basi lilipoondoka tukabomoa kozi tano kwa mwanga wa tochi, udongo ukiwa bado mbichi, tukazipanga upya. Usiku huo hakuna aliyetulipa, wala hakuna aliyefikiri kulipa, kwa kuwa kwa hesabu ya wageni kazi ilikwisha saa kumi na moja.

Mzee alimwendea mchungaji: safari ijayo mwiko ubaki kwetu. Mchungaji aliogopa wageni wangeona wamekataliwa na wasirudi tena. Bahati ikawa kundi lililofuata lilikuja na bwana mmoja ambaye kwao alikuwa mwashi wa riziki. Alisimama nyuma ya mzee kwa kitambo, akimwangalia anavyogeuza tofali, kisha bila kuambiwa akaweka mwiko chini, akachukua karai. Wenzake wakamfuata. Jioni yule bwana ndiye aliyeuliza fundi hulipwa kiasi gani kwa siku, na tangu hapo malipo ya mafundi yakaingia kwenye bajeti ya kila kundi. Kwacha hizo zilikuwa na uzito wake, kwani sheria haituruhusu kwenda kutafuta vibarua popote tunapotaka.

Wapo wanaosema wageni wabaki kwao, watume fedha tu. Mimi sikubaliani nao. Mgeni aliyebeba karai hujua mambo ambayo risiti haimwambii. Mmoja alimwalika mzee chakula cha jioni Likuni. Mzee akamjibu aende ofisini kwanza akamwombee kibali cha kutoka kambini. Kijana wa watu akacheka, akidhani ni utani. Alipoona hatucheki akauliza maswali kwa saa nzima, na aliporudi kwao aliendelea kuuliza kwa barua.

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, wakiwemo waliokuwa na maduka mjini. Kanisa likafurika, ikabidi tulirefushe. Kundi jingine likaandika kuuliza lije kufanya nini. Zamani mchungaji angejibu "njooni tu, kazi ipo." Safari hii aliwaita mafundi, tukajibu pamoja: kuta tutapandisha wenyewe, ninyi changieni saruji na nondo, mje siku ya kumwaga linta. Zege halilali, na siku hiyo tunahitaji watu wa kupokezana ndoo kuanzia asubuhi hadi limalizike. Chakula cha mchana tutapika sisi. Na mje na mabuti, si raba.