Shangazi Kaenda Majuu, Karudi Misima

Wiki hii nililikimbia joto la Dar. Alfajiri basi Mbezi, nikapita Segera, nikashuka Korogwe na kutuliza tumbo kwa supu na chapati mbili, kisha nikadandia basi dogo la Handeni. Barabara hii ya kilomita 65 siku hizi ni lami. Utotoni tulikuwa tunafika likizo wekundu kama matofali! Milima ya Usambara unaiacha mgongoni, mkonge unaisha, unaingia nchi ya Wazigua: mahindi, mbuzi, na ndoo zilizopanga foleni ya maji. Nikashuka Misima.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Kaa upukuchue mahindi.”

Shangazi yangu ni mwalimu, ana miaka 44 na watoto watatu. Digrii ya kwanza aliipata akiwa kazini, kwa Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa 1992. Alipofika 42 akapata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Uskoti. Ukoo ukachachamaa: mtu mzima na begi mgongoni, watoto anamwachia nani? Bibi akawachukua wajukuu na kuuliza swali moja tu: “Huko utakula nini?”

Siku ya kwanza darasani mhadhiri kaingia, shangazi kasimama kumwamkia, kama tulivyofundwa wote. Kasimama peke yake! Vijana wanamtazama. Mhadhiri, mzee wa mvi, akamwambia amwite kwa jina lake la kwanza tu.

“Ningeweza wapi? Mwaka mzima sikumwita chochote. Nilikuwa nakohoa kwanza, akigeuka ndiyo nauliza.”

Kwetu kumsikiliza mkubwa ni adabu. Kule ukinyamaza kwenye mjadala wanajua hujasoma. Jikoni alichangia na vijana wanne: muziki hadi usiku wa manane, na kila chupa ya maziwa imeandikwa jina la mwenyewe. Desemba, saa kumi jioni tayari giza.

Mwezi wa pili akapigiwa simu kwamba mtoto wa mwisho ana malaria. Akafunga begi. Bibi akaomba apewe simu.

“Mtoto yuko hospitali, anatibiwa. Unarudi, kwani wewe ni dawa?”

Begi likafunguliwa. Wiki ile mjadala ulihusu msongamano madarasani. Shangazi akanyoosha mkono.

“Wenzangu walikuwa wamesoma habari za darasa la watoto 90. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.” Siku hiyo hakuna aliyemkatiza. Na usiku, binti mmoja wa pale jikoni akaja kuomba chai, akamlilia mambo ya mama yake. Tangu hapo muziki ukawa unazimwa saa nne.

Akanipa na hii: Uingereza, anayeanza digrii ya kwanza akiwa na miaka 21 au zaidi anahesabiwa mwanafunzi mtu mzima. Nilicheka hadi mahindi yakamwagika. Basi hata Nyerere alikuwa mtu mzima, maana alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akiwa na miaka 27, baada ya kufundisha Tabora, akarudi 1952 na shahada yake.

Kisha kicheko kikanikauka. Mimi nina 26. Kidato cha nne kilinitupa mkono, na kila nikiulizwa nasema muda umepita.

Jioni shangazi akanisindikiza barabarani.

“Fomu ya kurudia mtihani umechukua?”

“Nimeshapitwa, shangazi.”

“Una miaka mingapi vile?”

Nikamwambia. Hakujibu. Alinikabidhi mfuko wa mahindi tuliyopukuchua, akasimamisha basi.

Hadi Korogwe sikusema na mtu. Jumatatu nakwenda kuulizia kituo cha watahiniwa wa kujitegemea. Ukinikuta kijiweni siku hiyo, msomaji, nifukuze.